Nilivyoacha Kuuliza "Lini?"

Mwaka 2006 nilikuwa natembea na waya mrefu wa intaneti begini, kwa sababu mfumo wa Linux niliouweka kwenye kompyuta yangu ya mkononi haukuitambua kadi ya waifai. Chipu ilikuwa ya Broadcom, na hapakuwa na maelezo ya wazi ya namna ya kuzungumza nayo. Watu wasiolipwa na mtu waliichambua draiva iliyokuwapo, yaani programu inayoendesha kadi hiyo, wakaandika maelezo yake, na wenzao wakatunga draiva mpya kutokana na maelezo hayo. Siku waifai iliposhika nilishangilia hadi jirani akagonga ukuta. Waliofanya kazi ile sikuwafikiria hata kidogo. Niliona kama mvua imenyesha tu.

Novemba 2020 Apple ikatoa kompyuta zenye chipu ya M1. Iliacha mlango wa kuingiza mfumo mwingine, lakini maelezo ya kilichomo ndani haikutoa. Mtaalamu wa programu, Hector Martin, akaanzisha Asahi Linux, mradi wa kuifanya Linux ifanye kazi kwenye kompyuta hizo, akitegemea michango ya kila mwezi ya watu wa kawaida. Asahi kwa Kijapani ni jua la asubuhi, na ndilo jina la Kijapani la tofaa aina ya McIntosh. Toleo la kwanza la majaribio lilitoka Machi 2022. Nami nilipopata MacBook Air iliyotumika, nikaliweka.

Iliwaka vizuri, ila spika zilikuwa bubu. Basi nikawa mtu wa swali moja: sauti lini? Nilimuuliza kila niliyedhani anajua, tena kwa ukali, kama aliyelipia.

Jibu nilikuja kulielewa baadaye sana. Spika zile ni ndogo, na zikisukumwa kwa nguvu bila kipimo huungua. Ikabidi watengenezaji wa Asahi waandike programu inayokadiria joto la koili ndani ya spika na kupunguza sauti kabla ya madhara. Nani angenifidia spika zangu kama wangenisikiliza na kuharakisha? Toleo la mradi huo liitwalo Fedora Asahi Remix lilipotoka Desemba 2023, sauti ilikuwa nzuri kweli.

Februari 2025 Martin akajiuzulu uongozi wa mradi. Alieleza uchovu wake, mivutano na baadhi ya watunzaji wa kiini cha Linux, michango iliyopungua, na watumiaji wasiokoma kudai: milango ya Thunderbolt lini, chipu mpya ya M3 lini. Nilisoma usiku, nikaliona neno langu mle. Kwenye msaragambo wa kuchimba mtaro kuna anayekaa ukingoni akiuliza maji yatafika lini. Miaka mitatu mtu huyo alikuwa mimi.

Kazi ilishikwa na kundi badala ya mtu mmoja, nao wakaamua kutanguliza jambo lisilo na shangwe: kuingiza viraka vyao, yaani marekebisho yao ya programu, kwenye kiini chenyewe cha Linux. Vilikuwa zaidi ya 1,000 vikiishi nje. Toleo jipya la kiini hutoka kila wiki 9 au 10, na kila mara viraka vya nje huhitaji kupachikwa upya na kujaribiwa upya. Mzigo huo ndio unaowamaliza watu, hata wenye akili kubwa. Kwa maoni yangu uamuzi ule ulikuwa sahihi kuliko kukimbilia M3, ingawa wengi walinung'unika.

Siku hizi natoa mchango mdogo kila mwezi. Toleo jipya likitoka nalijaribu mapema na kuandika kilichoharibika. Ripoti yangu ya kwanza ilinichukua jioni nzima.

Wewe mwenye mashine kama yangu, kabla hujauliza lini, andika ripoti moja: kompyuta gani, toleo gani, ulifanya nini, kikatokea nini. Hata bila fedha, hilo unaliweza leo.