Zamu ya Nambari 17

Wahenga walinena kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Lakini mpenzi msomaji, katika darasa letu la Kidato cha Tatu la asiyekuwepo lilikuwepo, tena lilinishukia mimi!

Tuko wanafunzi 40. Kila jioni programu ya kompyuta huchagua mmoja wetu abaki kufagia darasa. Nambari 17 amesamehewa, maana ana pumu na vumbi humkaba. Hilo halina ubishi. Mimi ni nambari 18. Aliyeiandika programu aliipa amri hii: ikiangukia 17, isonge mbele hatua moja. Haya, mbele ya 17 ni nani? Ni mimi!

Wengine walisema eti nina mkosi. Mimi nilichukua kalamu nikapiga hesabu. Kila mwenzangu alikuwa na nafasi 1 kati ya 40. Mimi nilikuwa na 2, yangu na ya jirani. Mwalimu akaturuhusu tuiendeshe programu mara 4,000. Wenzangu walitoka mara 100 hivi kila mmoja, mimi karibu 200. Nasi wa shule ya kutwa twajua maana ya kuchelewa: nafika nyumbani giza limeingia na maji hayajatekwa.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nambari 17 alianza kuona haya, akasema afadhali afagie mwenyewe. Vumbi lile si lingemlaza hospitalini?

Dawa zilikuwa mbili. Ya kwanza, kompyuta ikipata 17 iliache jibu hilo, ichague upya. Hiyo ni haki, ila waliosamehewa wakiwa wengi itazunguka sana, na wakisamehewa wote haitasimama kamwe. Ya pili ni bora: kwanza orodha ichujwe, wabaki 39, ndipo achaguliwe mmoja. Kila mtu hupata 1 kati ya 39. Orodha ikiwa tupu, kompyuta iseme hakuna wa kuchagua. Kwa lugha ya Python kazi hiyo ni mistari michache tu.

Basi programu ikabadilishwa. Sasa zamu ya nambari 17 tumegawana sote 39, naye huenda nyumbani bila kuinamisha kichwa. Wenzangu, mkimsamehe mtu, mwondoeni kwenye orodha kabla ya kuchagua. Mkingoja baadaye, jirani yake ndiye atakayelipa.