Debe la Jirani

Hapa Nkoma mwaka wetu hupimwa kwa pamba. Tunapanda mvua za mwisho wa mwaka zinapoanza, tunapalilia, tunapulizia dawa, na ifikapo Mei msimu wa kuuza unafunguliwa. Kuanzia hapo fedha zipo mikononi, na wauzaji wanalijua hilo. Siku ya mnada tunasikia sabufa kabla hatujaona watu. Kuna simu, runinga, makochi na pikipiki za kulipa kidogo kidogo.

Miaka michache iliyopita nasi, nyumba ya mchungaji, tuliitika. Tulikuwa tumelima ekari mbili za pamba na mbili za mahindi. Pamba ilipolipwa tulitoa sadaka, tukanunua mahitaji ya shule ya watoto, tukabaki na akiba ndogo. Kisha tukaenda Bariadi mjini kumsalimu mtumishi mwenzetu, tukaiona sebule yake. Tuliporudi, viti vyetu vya mbao, tulivyovikalia miaka kumi na miwili bila kulalamika, vilionekana vichakavu. Viti havikuwa vimebadilika usiku ule. Kilichobadilika ni macho yetu.

Tukajipa sababu za kiroho. Nyumba ya mchungaji hupokea wageni. Mkuu wa Jimbo akija atakaa wapi? Tukanunua makochi na runinga ya inchi 43. Akiba haikutosha, tukauza magunia sita ya mahindi kati ya manane. Bado haikutosha, tukaenda kwa wakopeshaji wale ambao watu huiita mikopo yao kausha damu.

Februari ghala lilikuwa tupu. Gunia tuliloliuza kwa bei ya mavuno, sasa bei yake ilikuwa karibu mara mbili, na marejesho ya mkopo yalikuwa yanatungoja kila wiki. Wageni walikuja, wakasifu makochi, nasi tukawapa chai isiyo na kitafunwa.

Jioni moja mjane wa jumuiya yetu alibisha hodi akiwa na ndoo ya michembe. Alikaa ukingoni mwa kochi kama anayeogopa kulichafua. “Baba mchungaji, mama mchungaji,” alisema, “nimesikia watoto wanakwenda shule bila uji. Mimi niko peke yangu, hii inanizidi.”

Tulijua haikumzidi. Tulijua na jambo jingine ambalo yeye, kwa upole wake, hakulitaja. Kila Februari ndiye aliyekuwa akija kwetu kuchukua debe la mahindi. Mwaka ule hakuja kwa sababu alisikia hatuna. Alipoondoka hatukuwasha runinga. Tulitazamana, tukaelewa kwamba tulikuwa tumelikalia debe lake.

Kila mwaka tunawafundisha vijana wa kipaimara Katekisimo Ndogo, aliyoiandika Martin Luther mwaka 1529. Anapoeleza ombi la mkate wa kila siku, Luther haishii kwenye chakula. Anahesabu mavazi, nyumba, shamba, mifugo, fedha, na hata majirani wema. Tulilifundisha fungu hilo miaka mingi bila kusikia kwamba jirani naye yumo ndani ya mkate. Na Bwana hakutufundisha kuomba mkate wangu, bali wetu. Tulichokiuza mnadani hakikuwa chetu peke yetu.

Tusieleweke vibaya. Kochi si dhambi, na kuridhika si kunyamaza. Mkulima anayepunjwa kwenye mizani asiambiwe aridhike; nabii Amosi aliwakemea vikali waliopunguza vipimo, na kanisa halina ruhusa ya kutumia neno la Mungu kumziba mdomo aliyedhulumiwa. Kuridhika tunakokusema ni kwa yule ambaye fedha zimeshamfikia mkononi. Paulo, akiwaandikia Wafilipi kutoka kifungoni, anasema kuridhika ni jambo alilojifunza. Kama yeye alijifunza, sisi tusione aibu kuanza darasa la kwanza.

Darasa letu ni hili. Runinga tuliiuza kwa hasara, mkopo tukaumaliza kwa miezi kumi. Sasa kila Aprili, kabla ya msimu kufunguliwa, tunakaa mezani na watoto na kuandika: magunia mangapi yatabaki ghalani hadi mavuno, sadaka ni kiasi gani, debe la nani limo humo. Baada ya hapo ndipo tunaandika tunavyovitamani, na kila tunachokitamani tunakiacha minada miwili ipite. Mara nyingi tamaa huchoka kabla yetu. Si kila mara. Mwaka jana tulinunua simu tusiyoihitaji, na watoto walitukumbusha karatasi.

Makochi bado yapo. Februari iliyofuata mjane yule alikuja, akapokea debe lake, akaketi katikati ya kochi na kunywa uji pamoja nasi.

Wapendwa, pamba ya mwaka huu bado iko shambani. Kabla mizani haijatundikwa, kila nyumba na ijiulize: katika ghala letu, debe la jirani liko wapi? Bwana atupe mkate wetu, na macho ya kuona ni wa nani.