Nyanya za Rangi ya Majivu

Mwaka juzi niliazima kifaa cha kusomea vitabu, kile chenye kioo cha wino wa elektroniki, nikaingia nacho darasa la pili kwa somo la ufahamu. Hadithi ilikuwa ya mama aendaye sokoni. Chini ya ukurasa palichorwa nyanya tatu, na swali: Ni ipi iliyoiva? Mtoto mmoja, msomaji hodari, alikitazama kioo kwa muda mrefu, kisha akasema, “Mwalimu, zote ni sawa.” Nilimwandikia kosa, tena nikaandika katika daftari langu kwamba anatamka maneno bila kuyaelewa.

Jioni nilipoifungua picha ile nyumbani, niliona haya. Nyanya nyekundu na nyanya mbichi zilikuwa na rangi ya majivu ile ile. Mtoto alikuwa amejibu kweli tupu.

Yafaa ninyi mnaojiandaa kwa kazi hii mkijue kifaa chenyewe. Ndani ya kioo mna vifuko vidogo mno, na katika kila kifuko mna chembe nyeupe na nyeusi zenye chaji za umeme zinazopingana. Umeme ukizivuta nyeusi juu, herufi huonekana, na ukurasa hubaki pale bila kutumia umeme hadi ufunuliwe mwingine. Kwa kuwa chembe hizo huakisi mwanga wa nje kama karatasi, maandishi husomeka hata juani.

Vioo vya rangi vya aina ya Kaleido 3, vilivyotangazwa mwaka 2022, vina chembe hizo hizo nyeusi na nyeupe; kilichoongezwa juu yake ni utando wa vichujio vya rangi. Maandishi meusi hupata nukta 300 kwa kila inchi, lakini picha ya rangi hupata 150 tu. Aidha, utando hunyonya sehemu ya mwanga, hivyo weupe wa ukurasa hufifia.

Hayo niliyaona mwenyewe nilipopata kifaa cha rangi. Siku hiyo mvua ilinyesha, na darasa letu lina madirisha mawili tu. Mtoto yule alionyesha nyanya iliyoiva kabla sijamaliza kuuliza. (Sikuthubutu kumtazama usoni.) Lakini ilipofika zamu ya kusoma aya, wote waliinama mpaka pua zikakaribia kioo. Nikawasha taa ya kifaa, wakaendelea. Betri nayo ikapungua upesi.

Siku hizi hadithi ya maneno matupu naisomesha kwa kioo cheusi na cheupe. Palipo na ramani, bendera au taa za barabarani, ambapo jibu limo katika rangi, natumia kile kingine. Kisipopatikana, nalibadili swali, au napita sokoni asubuhi kununua nyanya tatu.

Kosa lile nimelifuta katika daftari. Mtoto mwenyewe yuko darasa la nne sasa.