Gesi Ndani ya Pampu: Kumbukumbu za Fundi wa Visima

Pampu ya kisima cha mafuta imeundwa kuinua kimiminika. Gesi ikiingia humo, kazi inaharibika. Kwenye mtambo wa boriti, ule unaojulikana kwa jina la kichwa cha farasi, pistoni iko chini kisimani, imening'inizwa kwa fito ndefu za chuma. Vali ni mbili: moja husafiri pamoja na pistoni, nyingine imekaa palepale chini ya silinda. Pistoni ikipanda, vali ya chini hufunguka na mafuta huingia. Ikishuka, ya chini hufunga, na ya juu hufunguka pale tu shinikizo la silinda linapozidi lile la mafuta yaliyojaa bombani juu yake. Kimiminika hakibanwi kwa urahisi, hivyo vali hufunguka mara moja. Gesi hubanika, na vali huchelewa. Ikizidi, vali zote mbili hubaki zimefunga, na mtambo huinama na kuinuka kutwa bila kutoa tone.

Mwandishi wa kurasa hizi aliijua shida inayofanana na hiyo katika bandari ya Kisangani, kwenye moteri za boti zinazoteremka mto hadi Kinshasa, takriban kilomita 1,700. Hewa ikiingia kwenye bomba la mazutu, moteri huzima. Fundi hulegeza skrubu ya pampu mpaka povu liishe. Lakini Tshopo, mkoa wa Kisangani, haina visima vinavyotoa mafuta. Kazi ya visima ilimpeleka Muanda, pwani ya Atlantiki, katika eneo ambalo mafuta ya Kongo yalianza kutolewa chini ya bahari mwaka 1975, na ambako baadhi ya visima vya nchi kavu husukumwa kwa boriti.

Ugumu wenyewe ni kuitambua gesi. Kisima kilichokauka nacho hutoa kidogo, na wengi huchanganya hali hizo mbili. Mchoro wa dainamomita, kifaa kinachopima mzigo wa fito, huzitenganisha: pistoni ikishuka penye gesi, mzigo hupungua polepole kwa mkunjo laini, penye kisima kilichokauka, ambamo silinda haijai, hubaki juu, kisha hudondoka ghafla pistoni inapopiga uso wa mafuta, na kishindo chake husikika ukiweka kiganja kwenye bomba la mdomo wa kisima. Kilichokauka hupunguziwa mwendo. Chenye gesi huenda kina mafuta tele, na kukipunguzia mwendo ni kuyaacha chini.

Dawa bora ni kuizuia gesi isifike mlangoni mwa pampu. Mlango huo ukishushwa chini ya matundu ambamo mafuta huingilia kisimani, gesi hupanda yenyewe kati ya bomba la mafuta na bomba la nje la kisima, mradi vali ya bomba hilo la nje iwe wazi huko juu. Isipowezekana, hufungwa kitenganishi cha gesi. Humo mafuta yasiteremke kwa kasi ya zaidi ya sentimita 15 kwa sekunde, la sivyo huburuta mapovu. Wanagenzi hurefusha kitenganishi, ilhali kinachohitajika ni upana.

Kwa gesi inayopenya hata hivyo, pistoni huteremshwa ikaribie vali ya chini, na mpigo huwa mrefu na wa polepole, ili gesi ibanwe vya kutosha. Pampu ikishafunga kabisa, husimamishwa kwa saa kadhaa, mafuta yavuje pembeni mwa pistoni na kuijaza silinda. Kuishusha pistoni mpaka igonge chini hufungua vali pia, lakini huumiza fito na vali. Mwandishi aliruhusu hilo pale tu kusubiri kuliposhindikana.