Elimu Ilayo Akili

Mchezo wa Call of Cthulhu, uliotungwa na Mmarekani Sandy Petersen mwaka 1981, hauna ubao wala mshindi. Mmoja husimulia, sisi wengine, wapelelezi wa kubuni, twauliza, twatupa dadu, twaogopa. Katika kanuni zake nyingi, moja ilinishika: kila asilimia ya elimu ya siri uipatayo hushusha kikomo cha akili yako timamu, ambacho ni 99 kwa asiyejua kitu. Sisi tuliolelewa kuiita elimu bahari, nani alituonya kuwa bahari nayo yaweza kutunywa?

Usiku wa tatu mpelelezi wangu, niliyempa ukaidi wa marehemu babu, alikipata kitabu alichokisaka. Akili yake ilibaki 31. Msimulizi akaniuliza: wakifungua, au wakichoma?

Nikakifungua.