Jibini Yenye Jina la Kijiji

Ndugu msomaji, maziwa hayakai. Ukiyaacha siku mbili huchacha. Leo twende Uingereza, tukaone jinsi maziwa ya ng'ombe yanavyogeuzwa kuwa chakula cha kukaa wiki nyingi. Chakula hicho ni jibini iitwayo Stilton.

Kijiji cha Stilton

Stilton ni kijiji kilicho kando ya barabara ya zamani itokayo London kwenda kaskazini. Katika miaka ya 1700 watu walisafiri kwa magari ya kukokotwa na farasi. Walipumzika Stilton, katika nyumba ya wageni iitwayo Bell. Mwenye nyumba, Cooper Thornhill, aliwauzia jibini iliyotoka kwa wafugaji wa Leicestershire. Wasafiri waliipenda, wakaiita kwa jina la kijiji walikoinunua.

Jinsi inavyotengenezwa

Kwanza maziwa hupashwa moto ili kuua vijidudu, kisha hupozwa. Hutiwa dawa ya kugandisha na mbegu za ukungu wa buluu. Yakiganda hukatwa vipande, na maji yake huchuruzika usiku kucha. Kesho yake vipande husagwa, hutiwa chumvi na kujazwa katika vyombo vya mviringo. Jibini haikandamizwi. Hugeuzwa kila siku, maji yatoke yenyewe. Baada ya siku tano au sita hutolewa, na ubavu wake husawazishwa kwa kisu ili nyufa zizibe.

Baada ya wiki sita hivi hutobolewa kwa sindano ndefu za chuma. Kwa nini? Ukungu hauoti bila hewa. Hewa ikiingia, mistari ya buluu huenea ndani. Baada ya wiki tisa hivi jibini huwa tayari. Jibini moja ina kilo 8 hivi, nayo hutumia zaidi ya lita 70 za maziwa.

Lakini angalia! Ukungu huu umechaguliwa na hutunzwa. Ukungu wa mahindi au karanga unaweza kuwa na sumu. Usiule.

Jina ni la nani?

Watengenezaji waliungana mwaka 1936 ili kulinda kazi yao. Mwaka 1996 sheria ya Ulaya ilisema Stilton itengenezwe katika mikoa mitatu tu: Derbyshire, Leicestershire na Nottinghamshire. Kijiji cha Stilton kiko Cambridgeshire. Kwa hiyo wanakijiji hawaruhusiwi kutengeneza jibini na kuiita Stilton!

Ndugu msomaji, jina zuri la bidhaa ni mali. Waliolipata ni wale walioungana na kulilinda. Je, kijijini kwako mna bidhaa gani inayosifiwa? Nani analinda jina lake?