Maji ya Kwendea Siyu

Katika gati la Lamu safari za mashua huuzwa asubuhi na jioni, na mgeni hana haja ya kuzitafuta kwa kuwa zenyewe humjia: kuna ya Takwa kupitia mikoko ya Manda, kuna ya Manda Toto kwa wapendao kutazama matumbawe na samaki, kuna ya Matondoni kwa mafundi wa majahazi, kuna ya Kiwayu kwa mwenye wasaa na mali, na kuna ile ya machweo, isiyokwenda popote ila humtoa mtu mbele ya Shela jua likizama na kumrudisha kabla ya isha. Mimi nilikuwa nimetoka Tanga kwa haja moja mahususi, nayo ni kuuona mji wa Siyu katika kisiwa cha Pate, na kijana aliyenitajia safari zote hizo, nilipomtajia Siyu, alitikisa kichwa kwa upole akasema, "Siyu hakuna kitu, maalim. Twende Takwa."

Neno lile liliniudhi, na likaendelea kuniudhi hata baada ya kuagana naye, kwa sababu halikutoka kinywani mwa mtu asiyezijua bahari hizi bali kwa kijana wa Kiamu, mzaliwa wa visiwa hivi, ambaye riziki yake ni kuvisimulia. Katika karne ya 18 na ya 19 Siyu ulikuwa mji wa maulamaa na mafundi, wenye kunakili misahafu kwa mkono, kuitia nakshi za rangi na kuijalidi, wenye kushona viatu vya ngozi, kuchonga mbao na kufua vyuma. Na misahafu ya Siyu iliyosalia ni katika kazi adhimu kabisa za hati zilizofanywa katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Ndio mji wa Bwana Mataka, aliyemkatalia sultani wa Unguja kwa miaka mingi: Sayyid Said bin Sultan, aliyeitia Mombasa mkononi mwake mwaka 1837, alipeleka majeshi Siyu katika miaka ya 1840 yakarudi yameshindwa, na mji ule haukutulia chini ya bendera ya Unguja mpaka mwaka 1863, zama za mwanawe, Sayyid Majid. Na mke wa Bwana Mataka huyo ndiye Mwana Kupona binti Msham, aliyemtungia binti yake utendi mwaka 1858, ambao umehifadhiwa vifuani mwa wanawake wa pwani kwa vizazi na vizazi. Mji wenye mambo hayo, ukaambiwa hauna kitu!

Siku chache zilizofuata nilizunguka Lamu yenyewe, Ngomeni na Makumbusho na Msikiti wa Riyadha, na nikaenda Takwa na kijana yuleyule, ambaye insafu yanilazimu kusema kwamba aliifanya kazi yake kwa ustadi: alinionyesha msikiti wenye nguzo juu ya ukuta wa kibla, akanieleza jinsi watu walivyouhama mji ule katika karne ya 17, akanisimamisha mbele ya kaburi la mnara lenye tarehe ya mwaka 1094 wa Hijra, yaani 1683 Miladi, na akanihadithia kwamba watu wa Shela hadi leo huvuka kuja hapo kuomba mvua. Aliyajua yote hayo barabara, na kwa kuyajua kwake aliniongezea udhia, maana nilijiuliza ni vipi mtu mwenye akili na ulimi kama huo aone kitu katika mji uliokufa, na asione kitu katika mji ulio hai.

Aliyenipatia njia ya kwenda ni nahodha mmoja mzee, mwenye mashua yenye tanga na mashini, niliyeelekezwa kwake baada ya sala ya alasiri. Sikuwahi kuanza mapatano ya nauli, kwani hakuniuliza nina kiasi gani wala tu wangapi. Aliniuliza kama najua yeo ni mwezi ngapi. Nilipomjibu kuwa ni mwezi nane alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mai ya kwingia Siyu ni ya bamvua. Yeo mai ni mafu. Ukenda yeo utaiona mikoko, Siyu hutaiona."

Akanieleza, na mimi hapa nayafupisha maelezo yake kwa manufaa ya kila atakaye kuchagua safari katika visiwa hivi. Njia ya kuingia Siyu kwa mashua ni mkondo mwembamba uliozungukwa na mikoko, na maji yakipwa hubaki tope. Kwa hiyo chombo huingia maji yakiwa yamejaa, tena yamejaa kwelikweli, kama yanavyojaa mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Lakini katika bahari hizi maji ya bamvua hufikia ukomo wa kujaa karibu na saa kumi, ya alasiri na ya alfajiri, ambapo maji mafu hujaa katikati ya asubuhi, wakati unaomfaa mtalii, ila hayana kimo cha kutosha. Natija ya hesabu hiyo ni kwamba aingiaye Siyu kwa mashua huingia alasiri, na kabla hajauzunguka mji maji huwa yamekwisha kumtoka chini ya mkuku, naye hana budi kulala. Bahari yenyewe ndiyo iliyoamuru kwamba Siyu usiwe mji wa kupitiwa na kurudi.

Nikangoja mwezi upevuke. Tuliondoka Lamu adhuhuri, maji yakianza kujaa, nahodha ameshika usukani kule tezi, na omoni amekaa, kwa mshangao wangu, kijana yule wa Takwa, ambaye kumbe nahodha ni ami yake na humchukua kama baharia siku asizokuwa na wageni. Tulipita Mkanda, baina ya Manda na bara, tukatokea katika ghuba ya Manda ambako winchi za bandari mpya, iliyofunguliwa mwezi wa Mei 2021, zinaonekana kwa mbali zaidi kuliko minara ya misikiti yote ya Lamu. Nahodha alizielekezea kidevu akasema kwamba hapo ndipo alipokuwa akivua. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi ule. Lakini fidia, hata ikilipwa yote, hairudishi mahali pa kuvua, na ndiyo maana wengi katika waliokuwa wakiuza samaki sasa wanauza safari.

Tulifika kwenye mlango wa mkondo wa Siyu kabla ya maji. Nahodha alizima mashini, akatia nanga, na mashua ikakaa juu ya mchanga kwa utulivu, ikingojea kuinuliwa. Hapakuwa na upepo ndani ya mikoko ile, na jua lilikuwa kali, na sote watatu hatukuwa na kazi nyingine ila mazungumzo; basi nikamwambia kijana neno nililolichukua kifuani tangu siku ile ya gatini.

"Uliniambia Siyu hakuna kitu."

"Nilikwambia, maalim," akajibu bila ya kukanusha. "Na wewe nambie: mgeni akija Lamu ana siku ngapi? Tatu, nne. Moja ya Shela, moja ya Takwa, moja ya kulala tu. Nikimwambia Siyu, ataniuliza tutarudi saa ngapi, nami sina la kumjibu. Ataniuliza hoteli gani, nami sina la kumjibu. Mafuta ya kuja na kurudi ni mara nyingi ya yale ya Takwa, na mafuta hulipwa kwanza, kisha fungu la chombo, kisha la nahodha, na mimi ni wa mwisho. Sasa kitu ambacho sina bei yake na sina saa yake, nikiite nini kama si kwamba hakuna?"

Nilimwambia kwamba hayo ni hesabu ya chombo, si hesabu ya mji, na kwamba angeweza kusema Siyu ni mbali, au ni ghali, au yataka kulala, asiseme haina kitu; kwa sababu mgeni huamini analoambiwa na mwenyeji, na akirudi kwao hulieneza, na baada ya miaka ishirini mji mzima huwa umefutwa kwa neno lililosemwa kwa kuokoa muda. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia.

"Wapo wanaoitaka Siyu. Wanaitaka kwa ajili ya Wachina."

Kisa hicho ni mashuhuri: kwamba katika zama za amiri Zheng He, aliyeongoza safari za merikebu za Uchina baina ya mwaka 1405 na 1433, chombo kimoja kilivunjika karibu na Pate, mabaharia wake wakaogelea hadi pwani, wakaoa, wakasilimu, na vizazi vyao wako Siyu hadi leo, na wapo wanaofika mbali zaidi wakasema kwamba Shanga, mji wa magofu ulio mwendo wa miguu kutoka Siyu, ulianzishwa nao. Kijana alikisimulia kwa ufasaha, kama alivyoisimulia Takwa, na alipokwisha nikamuuliza kama amepata kusikia kilichochimbuliwa Shanga. Hakusikia. Basi nikamweleza kwamba katika miaka ya 1980 Mark Horton alichimba pale, akaukuta chini ya msikiti wa mawe msikiti mwingine, na chini ya huo mwingine, mpaka akafikia wa udongo na miti wa karne ya 8. Na kwamba waliousimamisha walikuwa watu wa pwani hii hii, wakiswali hapo zaidi ya miaka mia sita kabla Zheng He hajatweka tanga. Vigae vya Uchina vipo Shanga, kama vilivyopo katika miji mingi ya kale ya pwani; vililetwa na biashara, na biashara haihitaji kuvunjikiwa na merikebu.

Kijana alikaa kimya muda, akiyaangalia maji yaliyokuwa yameanza kupenya baina ya mizizi. "Mimi nimesoma Lamu, maalim, msingi na sekondari," akasema. "Kwa nini hatukuambiwa?"

Hapo hasira yangu ilimtoka yeye ikaenda kwingine. Ilikwenda kwa mpango mzima ambao kwao mtoto wa Lamu hupewa masomo ya mbali na kunyimwa ya mlangoni kwake, kisha hutakiwa awe dalili wa wageni, asimulie. Na asipokuwa na elimu ya kusimulia, hushika kile ambacho wageni wamekuja nacho wenyewe, wakamuuzia naye akawauzia. Nahodha, ambaye muda wote huo alikuwa amefumba macho nikidhani amesinzia, alisema bila ya kuyafumbua, "Mwenye duka huagiza kinachoulizwa." Ni kweli, nami sina la kuipinga kauli yake, ila wenye kuuliza ni sisi. Kwa miaka mingi wageni wameuliza magofu, samaki na machweo, na visiwa vikawapa magofu, samaki na machweo. Sisi wasemao Kiswahili, ambao haki ya kuuliza mengine ni yetu kabla ya mtu yeyote, tumekuja Lamu kwa Maulidi tukarudi, au hatukuja kabisa.

Mashua ilitikisika, kisha ikaelea. Kijana alishika upondo, akatusukuma polepole kuingia mkondoni, na tulipomaliza pindo la mwisho la mikoko ngome ya Siyu ilisimama mbele yetu. Sitaieleza sana, kwa kuwa aendaye ataiona. Nitasema tu kwamba tulilala kwa familia moja ya mjini, tukalishwa kwa takrima. Kwamba asubuhi tulimkuta fundi wa ngozi kazini, akikata viatu kwa mkono. Kwamba mzee mmoja wa mji alituketisha kivulini karibu na ngome akatuhadithia habari za Bwana Mataka na vita vya Unguja. Na kwamba aliyemuuliza maswali mengi si mimi bali ni kijana, ambaye alitaka kujua askari waliingilia upande gani, na kwa maji ya namna gani. Shanga tulikwenda kwa miguu na kurudi. Alasiri maji yalitutoa, tukaenda bisho dhidi ya upepo wa kusi, mashini ikisaidia, na Lamu tukaingia usiku.

Basi nawaambia wanaokusudia kuvitembelea visiwa hivi: kabla ya kuuliza bei, ulizeni tarehe ya mwezi, na mkubali siku zenu zipangwe na maji, maana safari inayokwenda saa yoyote aghalabu haiendi mbali. Pataneni wazi, mbele ya nahodha, nini ni cha mafuta na nini ni cha huyo atakayewaongoza, ili ujira wake usiwe masalio. Mkifika katika mji, tafuteni wa mji huo awasimulie, na mmlipe yeye pia. Na walio na madaraka ya elimu katika kaunti ya Lamu nawaomba kwa taadhima wayatie matokeo ya Shanga na tarehe za Siyu katika madarasa ya watoto, kwa kuwa elimu hiyo imekwisha patikana na imeandikwa, lakini haijawafikia wenyewe.

Mji wa Lamu uliingizwa mwaka 2001 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, na heshima hiyo ilistahiki. Siyu hauna ngao kama hiyo, na haidhuru, iwapo vijana wa visiwa hivi wataweza kupata chakula kwa kuusimulia kwa haki. Jambo hilo halihitaji azimio la mkutano wowote. Linahitaji wageni watakaokubali kulala, usiku mmoja, na kulipa ijara ya usiku huo bila ya kuipunguza.